Darasa Moja, Watu Wangapi? Maswali Yenu Kuhusu Makazi ya Muda

Kila masika yakikolea, barua zinazofika kwenye safu hii huwa na kilio kimoja: nyumba imekwenda na maji, watu wamehifadhiwa mahali, na mahali penyewe hapana mpango. Safari hii tumechagua barua tisa. Vipimo vingi tunavyovitaja vinatoka katika Viwango vya Sphere, mradi ulioanzishwa mwaka 1997 na mashirika ya misaada ili kukubaliana kiwango ambacho mtu aliyepoteza makazi hapaswi kushushwa chini yake. Kiwango cha chini si lengo. Anayesema ni anasa, na ajiulize kama angelaza wanawe hapo.

Mto ukifurika watu hukimbilia shule yetu ya msingi yenye madarasa manane. Mwaka 2024 tulijaza mpaka milango haifungiki. Darasa moja linatakiwa kulaza watu wangapi?
*Mwenyekiti wa kijiji, Rufiji*

Ndugu Mwenyekiti, kazi hii ifanyike kabla ya mvua, wewe na mwalimu mkuu na futi ya kupimia mkononi. Kila mtu anahitaji angalau mita za mraba 3.5 za kulala na kuweka vitu vyake, bila kuhesabu jiko wala bafu. Darasa la mita 8 kwa 6 lina mita za mraba 48. Gawanya kwa 3.5 unapata watu 13, yaani kaya mbili, au tatu ndogo.

Usitarajie kutumia madarasa yote manane. Moja liwe la wajawazito, waliojifungua karibuni na wagonjwa wasioambukiza. Jingine liwe stoo yenye kufuli, pamoja na nyaraka za shule. Yanabaki sita, watu 78. Wakifika 300, basi 222 wanahitaji mahali pengine ndani ya siku chache, na hiyo ndiyo faida ya kupima mapema. Usiku wa kwanza hakuna atakayemwacha mtu kwenye mvua kwa sababu ya hesabu, wala hatusemi mfanye hivyo. Lakini kulipokucha uwe tayari unajua ni wangapi wanahama, na wanahamia wapi: kwa ndugu, kwa wenyeji waliojitolea chumba, au kwenye mahema uwanjani.

Na uwanja wenyewe una kikomo. Kambi inayojitegemea, yenye njia, vyoo, jiko na mahali pa watoto kucheza, inahitaji mita za mraba 45 kwa kila mtu. Kama huduma kubwa zipo nje ya kambi, unaweza kushuka hadi 30. Uwanja kamili wa mpira, mita 105 kwa 68, unachukua watu 158 kwa hesabu ya kwanza na 238 kwa ya pili. Ukiweka 600 hapo, surua, upele na kuhara vitakuonyesha kosa kabla ya mwezi kuisha.

Kila darasa liwe na kiongozi wake, na kaya zisichanganywe na wanaume waliokuja peke yao. Madawati yahesabiwe, yapangwe nje chini ya turubai, na hesabu hiyo iandikwe. Kuni zikikosekana, dawati ndilo huingia jikoni kwanza, na lawama huwaangukia wote waliolala hapo.

Tulipewa maturubai mawili ya mita 4 kwa 6. Tumejenga, lakini maji yanatuingilia kutoka juu na kutoka chini. Mwezi wa pili turubai limeanza kuchanika kwenye misumari. Tumekosea wapi?
*Mama wa watoto watatu, Garsen*

Mama, pole sana. Maturubai hutolewa bila maelezo na mara nyingi bila miti, halafu familia ndiyo inayoonekana haijui kujenga. Vifurushi vya zana vya Shirikisho la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, vilivyopangwa kwa kaya ya watu watano, vina maturubai mawili, kamba, msumeno, koleo, jembe, panga, mkasi wa bati, nyundo, misumari na waya wa kufungia. Miti haimo. Kamati isipopanga itatoka wapi, kila kaya itakwenda kukata inapojua. Kwenu mathenge umejaa. Ni mgumu, ingawa kupata mti ulionyooka kunataka subira.

Turubai moja litoshe paa, la pili litoshe kuta mbili ndefu. Nyumba ya mita 5.5 kwa 3.2 ina mita za mraba 17.6, ambayo ndiyo haki ya watu watano. Tafuta nguzo tatu za mita 3.2 kwa ajili ya katikati, na nguzo nane za mita 2.25, nne kila upande. Zote zizame ardhini sentimita 60 na zishindiliwe kwa mawe. Hapo ukuta utakuwa na mita 1.65 na kilele mita 2.6, kimo kinachofaa sehemu za joto. Juu ya nguzo za kati laza mhimili, kisha makombamoyo. Kila pembe iwe na mti wa mshazari. Mti huo ndio unaozuia nyumba kulala upepo unapokuja, na ndio watu huuacha wakidhani ni wa ziada.

Sasa uvujaji wa juu. Turubai lenyewe halivuji likiwa jipya. Linavuja kwa sababu maji yametuama, na yanatuama kwa sababu paa limelala. Kwa vipimo hivi kilele kimepita ukuta kwa sentimita 95, mteremko wa nyuzi 30 hivi, na maji hayana pa kukaa. Turubai lilazwe urefu wake wa mita 6 kufuata mhimili wa kati. Litabaki sentimita 14 za kuning'inia kila upande na 25 kila mwisho.

Kuchanika kunatokana na msumari uliopigwa moja kwa moja kwenye turubai. Upepo unalipigapiga, tundu linakua, na siku moja linafunguka lote. Viringisha ukingo wa turubai kwenye ufito mara mbili au tatu, kisha pigilia ufito huo kwenye mti. Pale ambapo lazima msumari upite, weka chini ya kichwa chake kipande cha mpira wa tairi na kizibo cha soda. Ncha za miti zinazogusa turubai zifungwe matambara. Mwisho pitisha kamba juu ya paa kutoka upande mmoja hadi mwingine, uifunge kwenye vigingi, turubai lisipate nafasi ya kupepea.

Jua nalo hulila turubai polepole. Ukipata makuti, ezeka juu yake: turubai linazuia maji, makuti yanazuia jua, na ndani panakuwa na nafuu ya joto ambayo watoto wataihisi siku ya kwanza.

Maji ya chini ni suala la udongo. Kabla ya kujenga, inua sakafu sentimita 15 kwa udongo wa kushindilia. Chimba mtaro wa kina cha sentimita 15 hadi 20 kuzunguka nyumba, pale matone ya paa yanapoangukia, na uupe njia ya kutokea. Mtaro usio na njia ni bwawa, na unaoishia mlangoni kwa jirani ni ugomvi. Turubai la kuta ukilikata kwa urefu unapata vipande viwili vya mita 6 kwa 2, kwa hiyo chini kunabaki sentimita 35. Zilaze kuelekea nje na uzifukie. Mbele na nyuma ziba kwa makuti au mikeka, ukiacha nafasi ya hewa juu yenye kipande cha chandarua.

Huku Hanang usiku ni baridi kali. Watu wanaingiza jiko la mkaa ndani ya hema ili watoto wapate joto. Inakubalika?
*Mhudumu wa afya ngazi ya jamii*

Haikubaliki, hata kwa nusu saa. Mkaa unaowaka ndani ya hema lililofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu hulala na asiamke. Na hema likishika moto hakuna muda wa kuwatoa watoto wote.

Baridi inayoumiza zaidi hutoka chini. Tandaza nyasi kavu za kutosha, juu yake turubai, kisha mkeka au godoro, ndipo uanze kuhesabu mablanketi. Jiko la pamoja liezekwe bati na likae upande ambao upepo hautupi cheche kwenye mahema. Kati ya hema na hema kuwe na mita 2 zisizopungua, na kila baada ya mita 300 za makazi paachwe uwazi wa mita 30 usiojengwa kitu. Sehemu za baridi watu hushinda ndani, ndiyo maana kipimo hupanda hadi mita za mraba 4.5 au 5.5 kwa kila mtu.

Hapa Gatumba ukichimba mita moja unakuta maji. Vyoo vilivyochimbwa vimejaa na vingine vimefurika. Wanawake wanasubiri giza ndipo waende porini. Tufanye nini?
*Mjumbe wa kamati ya kambi, Burundi*

Ndugu mjumbe, palipo karibu na ziwa na mto namna hiyo, kuchimba kwenda chini ni kujidanganya. Kitako cha shimo kinatakiwa kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisima. Kwenu choo kipande juu: jengeni kisanduku cha matofali, mapipa au mifuko ya mchanga, slabu iwe juu yake, na ngazi zenye mshikio wa mkono kwa wazee na watoto. Kwa sababu shimo linakuwa dogo, mkataba wa kunyonya uchafu usainiwe kabla choo hakijafunguliwa, ukitaja gari linapita siku gani na linamwaga wapi. Vyoo vingi vya juu hufungwa ndani ya mwezi wa kwanza kwa kuwa jambo hilo liliachwa kwa baadaye.

Idadi ni hivi. Siku za mwanzo choo kimoja kwa watu 50, kisha mshuke haraka hadi kimoja kwa watu 20. Kambi ya watu 400 inaanza na 8, inafika 20. Katika hivyo 20, vya wanawake viwe 15 na vya wanaume 5. Wanaume hulalamika wakiona hesabu hiyo, lakini wanawake ndio wanaoingia na watoto, wana hedhi, na hawana njia nyingine. Njia nzuri kuliko zote, mkiweza, ni choo kimoja kwa kaya nne zenye funguo zake. Choo cha wote hakisafishwi na mtu. Choo cha kaya nne kina zamu, na kila mtu anajua ni zamu ya nani.

Kwa ndugu zetu wenye ardhi kavu, ukubwa wa shimo unahesabika. Katika hali ya dharura kadiria nusu lita kwa mtu kwa siku. Watu 20 kwa siku 180 ni lita 1,800. Shimo la mita 1 kwa 1 linahitaji kina cha mita 1.8, pamoja na nusu mita ya juu isiyotumika, jumla mita 2.3. Likibakiza nusu mita, lifungwe na jingine liwe limeshachimbwa.

Kuhusu kusubiri giza: choo kisizidi mita 50 kutoka makazi, kiwe na komeo la ndani, na njia yake iwe na taa ya sola. Lakini msiweke taa chooni peke yake huku njia nzima ikiwa kiza, kwa sababu taa hiyo humwonyesha mwenye nia mbaya pa kusubiri. Kabla ya kuchimba, tembeeni na wanawake eneo lote, wao wachague mahali. Wanajua vichaka vya kuogopwa.

Maji yawe lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani lita 6,000 kwa watu 400. Bomba moja linatosha watu 250, kwa hiyo wekeni mawili. Likitoa lita 7.5 kwa dakika, bomba moja lingehitaji saa 13 kugawa maji hayo. Mawili yanamaliza kwa saa 7 hivi. Maji ya mto yenye tope yatuliwe kwa shabu kwanza, kisha klorini. Nusu saa baadaye klorini iliyobaki iwe miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, ipimwe bombani. Klorini ikitiwa kwenye tope inaliwa na tope, na kipindupindu kinabaki na njia.

Mimi ni mjitoleaji Budalang'i. Orodha ilikuwa na kaya 140, siku ya kugawa magodoro wakaja 190. Chifu anasema tumeingiza jamaa zetu, sisi tunasema ni yeye. Orodha nzuri huandikwaje?

Huenda hakuna mwizi hata mmoja kati yenu. Orodha ya usiku wa kwanza huandikwa na mtu mmoja, kwa tochi, majina ya wanaume tu. Anaachwa mpangaji kwa sababu mwenye nyumba ndiye anayejulikana, anaachwa aliyefika siku ya tatu akitokea kwa shemeji, na anaachwa mjane aliyekuwa amelala. Halafu habari za magodoro zikisikika, kaya moja inagawanyika ikawa tatu.

Anzeni upya kwa kuhesabu mahali pa kulala, na mhesabu usiku. Watu watatu, angalau mmoja mwanamke, wapite baada ya saa tatu usiku na kuandika namba kwa rangi kwenye kila hema au kona ya darasa. Asubuhi kila namba inaandikishwa: mkuu wa kaya, umri na jinsia ya kila mmoja, kijiji alikotoka, kama nyumba iliyokwenda ilikuwa yake au ya kupanga, na nani ana ulemavu au ujauzito. Swali la kuamua kaya ni moja: mnakula chungu kimoja? Wake wawili wenye vyungu viwili ni kaya mbili, na kila mmoja apewe kadi kwa jina lake, asipitie kwa mume.

Orodha ya majina na namba isomwe barazani na ibandikwe ukutani siku mbili kabla ya ugawaji. Viongozi wa nyumba kumi kutoka vijiji vya asili wawepo, maana wao wanajua nani aliishi wapi. Hali ya afya ya mtu isibandikwe kamwe. Mtoto aliye peke yake hasomwi barazani. Taarifa zake zinakwenda kwa afisa wa watoto moja kwa moja. Kadi itobolewe kila ugawaji, na daftari lisahihishwe kila wiki kwa waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Pale mnapogawa, bandikeni pia kiasi kilichofika na kiasi cha kila kaya. Ugomvi mwingi huzimika watu wakiona hesabu yote iko wazi.

Kuna mtu anayeamua nani apate hema. Aliniambia nije nyumbani kwake jioni ndipo jina langu lipande. Nimwambie nani?
*Msichana, ameomba kambi isitajwe*

Mdogo wetu, kosa si lako, na hema hilo halilipiwi kwa kitu chochote. Kila kinachotolewa kambini ni bure, na anayeomba mwili kwa ajili ya msaada ametenda kosa, awe mfanyakazi, kiongozi au mjitoleaji. Usiende peke yako kumkabili. Mwambie mwanamke unayemwamini kwenye kamati au kituo cha afya. Tanzania, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kenya, piga 1195 bila malipo. Kama una umri chini ya miaka 18, namba 116 inafanya kazi nchi zote mbili. Ikiwa ameshakudhuru, wahi kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi haifai baada ya hapo.

Kwenu wasimamizi: hema lisiamuliwe na mtu mmoja. Vigezo viandikwe na viwe wazi, waamuzi wawe watatu au zaidi na wanawake wakiwemo, na njia ya kulalamika isipite kwenye meza ya anayelalamikiwa. Sanduku la maoni lililowekwa mlangoni pa ofisi ya meneja hakuna msichana atakayelisogelea.

Sisi Waswahili wa Muscat tumekusanya nguo na tunataka kujaza kontena kwa ajili ya ndugu zetu waliofurikiwa. Tutume nini kingine?

Ahsanteni kwa moyo huo. Nguo msitume. Kontena litafika baada ya miezi, litasubiri bandarini, na mwisho wake ni lundo linaloloa mvua wakati watu wanahitaji ndoo. Tumeni fedha kwa taasisi inayotoa risiti, vitu vinunuliwe soko la karibu, na muuza duka wa hapo, ambaye naye amepoteza wateja, apate kuuza.

Mfano: sabuni. Mtu mmoja anahitaji gramu 250 za kuogea na 200 za kufulia kwa mwezi. Watu 400 ni kilo 100 na kilo 80. Kiasi hicho kinapatikana mji wowote wa wilaya, tena kesho. Baada ya sabuni, nunueni vyandarua, ndoo zenye mfuniko za lita 10 hadi 20 mbili kwa kila kaya, kanga mpya na taulo za hedhi. Na wakumbukeni wenyeji. Watu wengi waliopoteza nyumba hawako kambini. Wako kwa shangazi, kwa rafiki, kumi ndani ya chumba kimoja, na hakuna orodha yenye majina yao. Gunia la unga kwa mwenyeji linaweza kuwaweka ndugu pamoja miezi miwili zaidi, bila hema.

Nyumba yetu Mathare ilibomolewa 2024. Tuliambiwa kuna pesa za kuhama. Je, msaada wa kodi si bora kuliko kambi?
*Baba wa watoto wanne, Nairobi*

Mjini ni bora mara nyingi, kwa sababu mtu anabaki karibu na kibarua na shule. Lakini kuna tofauti kati ya msaada wa kuhama na msaada wa kodi. Mwaka huo serikali ya Kenya iliwaamuru watu waondoke ndani ya mita 30 kutoka mitoni, na ikatangaza shilingi 10,000 kwa kila kaya iliyoondolewa. Fedha ya mara moja inapita kwenye amana, kodi ya kwanza na mkokoteni wa vyombo. Mwezi wa pili familia inarudi pale pale ukingoni, maana ndipo kodi ilipo chini na kazi ilipo karibu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinatambua haki ya makazi yanayofaa, na kwa maoni yetu malipo ya mara moja hayajaifikia haki hiyo.

Msaada wa kodi unaofanya kazi huchukua miezi mitatu hadi sita na hulipwa kwa awamu kwa simu. Kunakuwa na karatasi yenye saini tatu: mpangaji, mwenye nyumba, mtoaji. Karatasi iseme kodi haipandi kwa muda huo, na amana ikirudi inarudi kwa mpangaji. Kabla ya saini, mtu aende kuona choo, maji, mlango unaofungika, na alama ya mafuriko yaliyopita ukutani kwa jirani. Msiwatangaze wapangaji wote siku moja mtaa mmoja, kodi itapanda kabla hamjalipa. Na mwezi wa kwanza, siyo wa mwisho, muulizane kipato cha kulipa mwezi wa saba kitatoka wapi. Mtaji mdogo wa biashara ukiambatana na kodi husaidia kuliko mwezi mmoja wa kodi ulioongezwa.

Mafuriko yamepita miezi miwili. Watu bado wamo madarasani, na wazazi wengine wanataka watoto wao wasome. Nawatoaje bila kuwadhulumu?
*Mwalimu mkuu, Nyando*

Mwalimu, uko katikati ya haki mbili, na hukupaswa kuachiwa peke yako. Mwaka 2024 kufunguliwa kwa shule Kenya kuliahirishwa hadi tarehe 13 Mei, kwa mvua na kwa sababu shule nyingine zilikuwa zimelaza watu. Kamati ya maafa ya eneo ndiyo yenye wajibu wa kupata mahali mbadala; wewe wajibu wako ni kuwapa tarehe kwa maandishi na mapema.

Msizime maji wala kufunga vyoo ili watu "waelewe". Imefanyika mahali pengi, na kinachotokea ni kwamba wenye uwezo wameshaondoka, wanaobaki ni wajane, wagonjwa na wapangaji wasio na kiwanja cha kurudia, nao wanaanza kujisaidia nyuma ya madarasa. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika wa mwaka 2009, unaohusu waliohamishwa ndani ya nchi zao, unataka watu wachague wenyewe kwa hiari na kwa kuelewa: kurudi, kubaki walipo, au kuhamia kwingine.

Pitieni kaya moja moja na mziweke makundi matatu. Wa kwanza nyumba zao zimesimama, wanahitaji kufyagia tope, klorini ya kutibia kisima na vyandarua; hao wanaweza kuondoka wiki hii, wakipewa nauli na chakula cha mwezi. Wa pili nyumba zimeanguka lakini kiwanja kipo na ni salama. Wapewe maturubai, miti na zana wajenge kiwanjani kwao, kwa vipimo tulivyompa mama wa Garsen. Wa tatu hawana pa kurudi. Kwa kawaida ni kundi dogo, na likishajulikana kwa majina linakuwa mzigo ambao kaunti inaweza kuubeba: msaada wa kodi, au mahema kwenye ardhi iliyoandikiwa mkataba na mwenyewe, ukitaja muda, malipo na hali ardhi itakavyorudishwa. Ahadi ya mdomo kuhusu ardhi hudumu mpaka msimu wa kupanda.

Toeni darasa moja moja, mkianza na la watahiniwa, si yote siku moja. Darasa likitoka, kuta na sakafu zioshwe kwa klorini, madirisha yafunguliwe siku nzima, madawati yahesabiwe kwa orodha ile ya mwanzo. Mashimo ya vyoo vya dharura yamwagiwe chokaa au majivu, yajazwe udongo ulioshindiliwa angalau sentimita 50, na yawekwe alama, kwa kuwa watoto watakimbia hapo wakati wa mapumziko. Mitaro ya mahema ifukiwe. Kisha mwite mwenyekiti wa kamati ya kambi, mjumbe wa bodi ya shule na chifu, mzunguke pamoja, muandike kilichoharibika na nani anakitengeneza, msaini nakala nne, na moja uibakize wewe.